USITIE SAHIHI KABLA YA KUSOMA



Wenzetu wengine wakipata kiinua mgongo hununua ruhusa ya kuuza kwa jina la kampuni kubwa. Huambiwa faida ni ya hakika. Mwaka haujaisha, duka halina wateja, na kampuni bado yadai ada yake. Je, afanye nini mtu huyo?

Kenya haina sheria ya peke yake juu ya biashara za namna hii. Lakini asidhani kwamba hana pa kwenda.

Kwanza, asome hati. Kampuni isipotoa mali au mafunzo iliyoahidi, imevunja mapatano, naye aweza kudai fidia.

Pili, ikiwa alionyeshwa hesabu za uongo ndipo akatia sahihi, aweza kuiomba mahakama iyafute mapatano. Hasara peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Na asikawie, maana akijua uongo huo kisha akaendelea tu, ataonekana amekubali.

Tatu, hati nyingi zasema ugomvi uende kwanza kwa mwamuzi, chini ya sheria ya 1995. Basi aanze huko.

Nne, madai ya kuvunjiwa mapatano hufa baada ya miaka 6.

Na neno letu la mwisho: wafanya kazi wa duka hilo waliandikwa na mwenye duka. Asilipe ada ya kampuni kwa mishahara yao. Yeye naye jana alikuwa mfanya kazi.