Gari la Kikundi Likienda Mbali, Tununue Nini Kwanza?

Juma hili ukurasa wetu unatoka jikoni na kuingia ndani ya gari. Vikundi vya wamama wanaofanya biashara kati ya Lubumbashi na ziwa Mweru vinajua maana ya gari lenye nguvu. Mara nyingi ni Land Cruiser la mkono wa pili. Linapeleka nguo, chumvi na sabuni, na linarudisha samaki wakavu na mahindi. Lakini ukipita Kasomeno kuelekea Kilwa na Pweto, safari inaweza kuwalaza watu njiani, hasa mvua za Novemba hadi Aprili zikigeuza udongo kuwa utelezi. Na ndani ya gari hilo mara nyingi kuna mtoto wa kunyonya.

Basi pesa za kikundi zikifika, mkutano unakuwa na kelele. Shofere anataka taa kubwa za mbele. Fundi anataka mashine ya kujivuta. Muuzaji wa mjini anasifu hema la kufungwa juu ya gari. Kila mmoja anasema kitu chake ndicho cha kwanza. Sisi tunawaambia wamama hivi: nunueni kwanza kinacholinda uhai, kisha kinachotoa gari matopeni, kisha kinachowapa usingizi mzuri. Urembo ungoje pesa za mwaka mwingine.

MIPIRA NA BREKI

Kabla ya kununua kitu kipya, gari lenyewe liwe zima. Breki, usukani, springi na mikanda ya kiti ndiyo matumizi ya kwanza. Ni aibu kuona gari lenye taa sita mbele, na breki zake zinashika upande mmoja tu.

Mipira ya mkono wa pili inauzwa kila mahali, na mingine inang'aa kwa sababu imepakwa rangi. Msidanganywe na weusi wake. Tazameni ubavuni, karibu na herufi DOT, mtafute namba 4 za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Mpira ulioandikwa 2319 ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliopita miaka 10 uachwe, hata kama meno yake bado ni marefu, kwa maana mpira huzeeka na kupasuka ukiwa umesimama tu. Kuanzia miaka 5 ukaguliwe kila mwaka.

Tena ulizeni kama mpira wa namna hiyo unapatikana njiani. Land Cruiser za aina ya 70, ambazo Toyota ilianza kuzitengeneza mwaka 1984, zinapendwa kwetu kwa sababu mafundi wengi wanazijua na vipuri vyake si vigumu kupata. Ukizivisha mipira mipana ya ajabu, umejiondolea faida hiyo. Kwa safari ndefu ya mbali bebeni mipira miwili ya akiba, si mmoja.

KUTOKA MATOPENI

Hapa vitu vya bei ndogo vinafanya kazi kubwa: beleshi, panga, kriki nzuri, ubao mnene wa kuweka chini ya kriki isizame, na kamba imara ya kuvutia. Kisha kipimo cha upepo na pompi ndogo inayotumia batri ya gari. Mpira uliopunguzwa upepo hutanuka na kukanyaga mahali pakubwa, ndipo gari linatoka mchangani au kwenye tope laini. Lakini ukiisha kutoka, lazima urudishe upepo kabla ya kukimbia, maana mpira laini kwenye mwendo hupata moto na kupasuka. Anayepunguza upepo bila pompi amejifunga mwenyewe.

Mashine ya kujivuta, yaani winchi, ni nzuri, lakini ni ghali na ni nzito. Ikiwa kikundi kina uwezo, ichaguliwe yenye nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa: gari la tani 3, winchi ya tani 4 na nusu. Kikundi chenye pesa kidogo kianze na kamba na gari la pili la kusafiri nalo pamoja.

Iwe winchi, iwe kamba, hatari ni moja. Kamba iliyovutwa ikikatika inarudi kwa nguvu ya kuua. Ifungwe kwenye ndoano ya chasi tu, isifungwe kwenye mpira wa chuma wa kukokotea trela, kwa sababu huo hung'oka na kuruka kama risasi. Wekeni blanketi zito juu ya kamba, na watoto na watazamaji wote wasimame mbali, kupita urefu wa kamba yenyewe.

Kuhusu lile bomba refu la kupumulia linalopanda kando ya kioo: linasaidia kwa vumbi, na linazuia maji yasiingie kwenye mashine. Halifanyi gari kuwa mtumbwi. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimeta 60 hubeba magari mengi. Mto ukijaa, dawa yake ni kungoja.

MAJI NA MAFUTA

Tunahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika tu. Wamama wanne na mtoto mmoja kwa siku 3 ni lita 75. Bido za maji ziwe za rangi yake na zisitiwe mafuta hata mara moja. Mafuta ya akiba yasiwekwe mahali watu wanapokaa wala karibu na chakula.

Mafuta ya Kadafi wa kando ya njia yanaweza kuwa na maji na uchafu. Nunueni mrija mpana wenye kichungi, na filta moja ya akiba. Ni vitu vidogo, lakini mashine ya dizeli ikinywa maji, matengenezo yake hula faida ya safari nyingi.

KULALA

Sasa tufike kwenye neno tunaloomba lisomwe kwa sauti katika kila mkutano. Usiku wa Juni na Julai huku Katanga ni baridi. Wamama wamechoka, mtoto anakohoa, na mbabula bado ina makala mekundu. Mtu anaiingiza ndani ya gari au ndani ya hema, anafunga milango ili joto lisitoke. Wanalala, na asubuhi hawaamki.

Makala hutoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, hata mtu anadhani ni uchovu wa safari tu. Moto wa makala unaoonekana umekufa bado unaitoa. Mashine ya gari iliyoachwa ikinguruma ili watu wapate joto inaitoa vilevile. Kufungua kioo kidogo hakutoshi. Mbabula ibaki nje, mbali na mlango, na mashine izimwe. Joto mlitafute kwa blanketi nzito, godoro la sponji, kofia na soksi za mtoto. Ukiona wenzako wanalalamika kichwa wote kwa wakati mmoja, watoe nje mara moja, kisha watafutiwe msaada wa daktari.

Hema la juu ya gari linavutia, tunakubali. Linafunguka upesi na liko mbali na nyoka. Lakini bei yake mara nyingi hupita dola 1000, lina uzito wa kilo 50 hadi 70, na ngazi yake usiku si rafiki wa mama mwenye mimba wala wa mtoto anayetembea usingizini. Bashi imara ya kufunga ubavuni mwa gari, magodoro, na vyandarua vyenye dawa kwa kila mlalo, vinafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya pesa. Chandarua kisisahaulike kamwe. Malaria inaua watoto wetu wengi kuliko nyoka.

Wakati wa kiangazi msiegeshe gari juu ya majani makavu, kwa sababu bomba la moshi lina moto wa kutosha kuyawasha. Kizima moto cha poda kikae karibu na shofere, kisifukiwe chini ya mifuko.

UMEME

Batri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kuwasha taa na frigo usiku kucha. Mkiitumia hivyo itakufa mapema, na asubuhi gari halitawaka. Wanaotaka umeme wa kambini waweke batri ya pili, pamoja na kifaa kinachotenganisha hizo mbili mashine ikizimwa. Lakini jiulizeni kwanza: umeme wa nini? Taa ya sola na sanduku nene la barafu vinatosha kwa kazi nyingi.

KILA KITU KINA KILO

Chukueni kalamu. Maji lita 75 ni kilo 75. Bido mbili za mafuta, lita 40, ni karibu kilo 34. Hema la juu, kilo 60. Jumla kilo 169, yaani mifuko mitatu ya kilo 50 na zaidi, na hamjapakia samaki hata mmoja. Kila kifaa kisicho cha lazima kinachukua nafasi ya mali ya mama fulani. Na mzigo mkubwa juu ya paa hupindua gari kwenye kona. Vizito vikae chini na katikati, vyepesi juu, na kila kitu kifungwe.

PESA NA UFUNGUO

Mwisho, wamama, vifaa ni mali ya kikundi. Viandikwe kwenye daftari, na mama mmoja avikague kabla ya kuondoka na baada ya kurudi. Bei iulizwe kwa wauzaji watatu, na risiti iletwe mkutanoni. Tena wamama wawili angalau wajifunze kubadili gurudumu, kupima oili na kufunga kamba. Shofere akiugua porini, kriki haitajifungua yenyewe. Gurudumu lililobadilishwa, njugu zake zikazwe tena baada ya kilometa 50.

Na anayesema, "Leo hatupiti, mto umejaa," asichekwe, hata kama ni msichana mdogo kuliko wote. Andikeni katika sheria za kikundi kwamba mama mmoja akisema tusimame, gari linasimama.

Kateni orodha hii muibandike kwenye mlango wa gari:

1. Breki, mikanda, mipira mizima na miwili ya akiba.
2. Maji, sanduku la dawa, kizima moto, vibao vya pembetatu.
3. Kriki na ubao, beleshi, kamba, kipimo cha upepo na pompi.
4. Filta ya akiba na mrija wenye kichungi.
5. Bashi, magodoro, blanketi, vyandarua.
6. Batri ya pili, winchi, hema la juu: pesa zikibaki.

Juma lijalo tutaongea juu ya kukausha na kuhifadhi samaki wasiingiwe na wadudu. Safari njema kwenu, na mrudi wote.