Mgongo unauma baada ya gofu? Tazama nyonga kwanza

Mgonjwa wangu mmoja ana duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ana miaka 51. Mwaka jana marafiki walimvuta kwenye gofu, akawa hakosi uwanjani kila Jumamosi. Jumatatu moja akaingia kwangu ameshika kiuno. "Dokta, nichome sindano tu niondoke, wateja wananisubiri." Duka la dawa la jirani lilikuwa limeshamchoma mara tatu.

Sikumchoma. Nilimpa mpini wa ufagio nikamwambia, "Kaka yangu, hebu nionyeshe unavyopiga mpira." Akabana miguu, akakaza magoti, akakunja mgongo kama upinde, kisha akazungusha kiuno peke yake kwa nguvu zote. Mimi si mchezaji (mara ya mwisho kujaribu, mpira wangu uliishia mtini), lakini chanzo cha maumivu nilikiona.

Ndugu msomaji, pingili tano za kiuno zinaweza kuinama na kuinuka vizuri. Kuzunguka haziwezi sana: zote kwa pamoja hazivuki nyuzi 15 hivi kwenda upande mmoja. Mzunguko mkubwa wa mwili hutoka kwenye nyonga na kwenye sehemu ya mgongo yenye mbavu. Sasa mtu anayeshinda kwenye kiti dukani kutwa nzima, nyonga zake hukaza. Akishika fimbo, mzunguko ambao nyonga zimeukataa hudaiwa kiunoni, na kiuno hakina akiba hiyo.

Kwa hiyo anza na kusimama. Panua miguu kwa upana wa mabega. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kama mtu anayetafuta stuli, uinamie kwenye nyonga. Mikono ining'inie yenyewe. Jipime nyumbani kwa mpini wa ufagio: uweke wima mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa ulio juu kidogo ya makalio. Inama. Mpini ukiachana na sehemu mojawapo, umeinamia kiuno. Rudia mpaka ukae.

Unapopeleka fimbo nyuma, kifua na nyonga vigeuke pamoja. Ukiwa umevuka miaka 40 au umekaza, ruhusu kisigino cha mguu wa mbele kiinuke. Hilo si kosa, linaipa nyonga nafasi. Geuza pia kidogo kidole cha mguu huo kiangalie nje. Kurudi, anza na miguu na nyonga, mikono ifuate. Mwishoni uwe umesimama wima, kitovu kinatazama ulikoupiga mpira, uzito uko mguu wa mbele. Wengi humalizia wamejipinda kwa nyuma, kiuno kimekunjwa, na hapo ndipo wanapoumia. Kabla ya yote hayo, dakika kumi za kutembea haraka na kupiga nusu nusu. Kutoka kwenye gari moja kwa moja na kupiga kwa nguvu zote ni kujitafutia kitanda.

Tiger Woods, pamoja na walimu na madaktari wote alionao, alifanyiwa upasuaji wa nne wa mgongo mwaka 2017. Alirudi na kushinda Masters mwaka 2019, ndiyo, lakini sidhani kuna anayetaka kupita njia hiyo kwa ajili ya Jumamosi.

Na usiseme gofu si yako. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na hadi leo mitaa hii inaishi kwa migongo ya vijana. Kijana anayenyanyua robota na kulitupa kwenye mkokoteni huku miguu imeganda chini anafanya kosa lile lile la mwenye duka. Geuza miguu ielekee mkokoteni, kisha weka mzigo. Mama unayemtoa mtoto kwenye beseni, nawe vivyo hivyo.

Wazazi mnaopeleka watoto gofu: fimbo iwe ya urefu wao, si ya baba iliyoshikwa katikati. Waacheni wacheze na michezo mingine. Mtoto anayelalamika mgongo kwa zaidi ya wiki mbili aletwe hospitali; msimwambie anadeka.

Kuna maumivu ambayo hayahusiani na namna ya kusimama. Homa za jioni, kupungua uzito, maumivu yanayokuamsha usiku: tunatafuta kifua kikuu cha uti wa mgongo, miongoni mwa mengine. Mguu ukilegea, ukifa ganzi sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mgonjwa wangu alirudi baada ya wiki sita. Sindano hakuiulizia tena. Aliniomba nimtazame anavyoinama na ufagio, na bado mpini ulikuwa unaachana na mgongo chini kidogo. Nikamwongezea wiki mbili kabla ya kushika fimbo.