Kompyuta Ifuate Kanuni

Kikundi chetu kidogo cha muziki ndani ya chama kina watu watano: mmoja anapiga kanuni, mmoja udi, mmoja dumbaki, na wawili wanakaa mbele ya kompyuta. Tangu Oktoba tumekuwa tukijaribu kutunga pamoja, sauti za nyuzi na za mashine katika wimbo mmoja. Wengi wenu mmetuuliza kwa nini hatukupanda jukwaani kwenye sherehe ya mwisho wa muhula. Jibu ni kwamba tulitofautiana. Tunaona tofauti hiyo inafaa kuelezwa hapa, kwa sababu inamhusu kila anayetaka kuchanganya vyetu vya zamani na vipya.

Chanzo chake kilikuwa sauti moja tu. Kinanda cha kawaida, na programu nyingi za muziki zinapofunguliwa, hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100 kwa kipimo cha wanamuziki. Maqamu ya Rasti haienei humo. Sauti yake ya tatu huangukia baina ya funguo mbili, karibu na senti 350, na mpigaji mzuri huipandisha au kuishusha kidogo kadiri wimbo unavyotaka. Kanuni ina vyuma vidogo kando ya nyuzi kwa kazi hiyo hiyo. Kompyuta ilipoingia, sauti mbili ziligongana na masikio yakauma.

Tukatoa suluhisho la haraka: kanuni ifuate mashine. Mwenzetu alikubali kwa adabu. Wiki tatu alipiga bila kukosea na bila raha, kisha akatuambia heri tutafute mpiga kinanda, maana hicho ndicho tulichokuwa tukikitaka. Alisema kweli, na tuliona haya.

Zipo hoja za upande wa pili. Taarabu ni mkopaji wa siku nyingi. Ilipokea fidla, akodioni, gitaa la besi, na baadaye vinanda vya umeme, na watu wakafurahi. Tena wasikilizaji wengi hapa chuoni hawaijui Rasti. Hoja hizi tunaziheshimu. Lakini fidla haina funguo; kidole kinakwenda kinapotaka. Na Misri, kulikotoka mengi ya taarabu, mafundi walirekebisha ndimi za akodioni ili zitoe robo toni. Mgeni alipokelewa, akafundishwa lugha ya nyumba. Kuhusu msikilizaji asiyeijua Rasti, ataijuaje ikiwa hata sisi tunamficha?

Isitoshe, kati ya ala zetu zote, kompyuta ndiyo rahisi kubadilika. Jioni moja ilitosha kushusha noti mbili kwa senti 50. Kuifundisha mikono iliyozoea kanuni kusahau kilichoijenga kungechukua miaka, na tungepata hasara mwisho wake.

Tatizo la pili lilikuwa mapigo. Mashine haichoki wala haivuti pumzi, na taksimu haina maana bila pumzi. Sasa taksimu ikianza, mapigo ya kompyuta yanazimwa, na walio kwenye kompyuta wanasikiliza kama wengine, wakiingia kwa mkono pale wanapoalikwa.

Hatusemi mashine ni adui. Bila hiyo tungekuwa tunarudia nyimbo za wazee, tena vibaya kuliko wao. Tunachosema ni kwamba ushirikiano haupimwi kwa idadi ya ala zilizomo. Upimwe kwa kuuliza nani analazimika kubadilika kila mara. Akiwa ni yule yule, huo si ushirikiano.

Basi kwetu kanuni sasa ni kanuni kweli: sauti zote zinachukuliwa kwake kwanza, na kompyuta inakuja mwisho. Muhula ujao tutapanda jukwaani. Walimu na wanachama, njooni msikilize ile sauti ya tatu, kisha mtuambie kama tulikosea.