Ngome Yenye Jina la Bwana



Mama mmoja wa hapa Hasamba alituletea swali la mwanawe wa darasa la tano. Mtoto aliona kitabuni picha ya Fort Jesus ya Mombasa, mizinga imepangwa, akauliza: "Mama, hii ni nyumba ya Yesu? Mbona ina mizinga?" Mama akamjibu kwamba chakula kiko tayari. Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana nasi tungejibu vivyo hivyo.

Basi mwezi huu tumejaribu kulijibu.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Walisafiri chini ya bendera yenye msalaba, ndiyo maana wakaipa jina la Yesu, ingawa kazi yake ilikuwa kulinda biashara yao ya baharini. Mtoto tusimfiche. Watu waweza kuandika jina takatifu mlangoni na ndani wakaweka baruti.

Lakini kisa kilichotushika hasa ni cha Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadre Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akaoa mke wa Kireno. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa awe mfalme. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamchoma kisu mkuu wa ngome, akaukana Ukristo. Wakristo wengi wa mji, Waafrika na Wareno, waume kwa wake na watoto wao, waliuawa kwa kukataa kuikana imani.

Damu ile hatuihalalishi hata kidogo. Ila tumejiuliza kama wazazi: mtoto yule alifundishwa katekisimu, je, nani alikaa naye akazungumza juu ya baba yake? Nasi huku twalea watoto wa ndugu zetu waliofariki. Twawanunulia sare, twawapeleka Shule ya Jumapili, na habari za wazazi wao hatuzitaji, tukidhani wamesahau. Mwenzetu mmoja alilea mtoto wa marehemu dada yake miaka sita. Siku moja mtoto akamwuliza, "Mama mdogo, mama alizikwa upande gani?" Kumbe hakuwahi kuonyeshwa kaburi. Walikwenda wote wawili Jumamosi ile ile.

Ngome iliendelea kugombewa. Waarabu wa Omani waliizingira tangu mwaka 1696, na mwaka 1697 maradhi yaliwamaliza askari wa Kireno waliokuwamo. Waliobaki kuilinda walikuwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Hamsini, dada zetu! Katika vitabu tulivyosoma sisi shuleni hawakutajwa. Waomani waliitwaa ngome Desemba 1698.

Waingereza waliifanya gereza kuanzia mwaka 1895. Baadaye ilikarabatiwa, na tangu mwaka 1960 ni makumbusho. Humo mna mizinga ya kale na vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama chini ya ngome mwaka 1697.

Mombasa ni mbali na nauli si mchezo. Barabara yetu hii ya lami yatufikisha Iringa, na karibu na hapo ni Kalenga, ambako mizinga ya Wajerumani ilivunja ngome ya Mkwawa mwaka 1894. Pana makumbusho, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 limehifadhiwa pale. Wadogo waelezwe mapema, wasishtuke.

Yule mama amekwisha kumsimulia mwanawe yote haya, jikoni. Safari hii ugali uliungua kidogo, kwa sababu mtoto alitaka kujua kama wale wanawake hamsini walikuwa na watoto mle ngomeni.