Tumekuwa Daudi kwa Tamari

Hapa Chala tunauza magunia ya mahindi na maharage ili binti akasome chuo. Akipiga simu kwamba mwalimu anamtaka kimwili ndipo ampe alama, tunamjibu: "Vumilia mwanangu, umalize." Tunaiita hekima. Ni woga.

Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Nyuma yao ilikuwapo Punch, matusi ya ukutani yasiyo na jina la mwandishi. Aibu ilikuwa yao, akaibeba yeye. Mwaka huo huo KKKT iliamua kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Nasi tulio chuo cha theolojia baadaye tuliwacheka dada zetu darasani, tukadai ni utani!

Wengine husema ni mavazi. Tamari alikuwa amevaa nini? Alikwenda kumpikia mikate ndugu aliyejifanya mgonjwa. Daudi akasikia, akakasirika sana, akaishia hapo hapo.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo. TAKUKURU wanapokea taarifa. Binti atunze ujumbe wote wa simu, wala asifute hata mmoja. Na anapokwenda kutoa taarifa, mzee wa kanisa aende naye, nauli tuichange Jumapili, kama tunavyochanga ya mazishi.