Ampli na Bafle Zipatane

Wapendwa vijana, wengi wenu hapa Boga na kule migodini munauliza: bafle ya besi ya motokari inaomba ampli ya wati ngapi? Musitazame ile namba kubwa ya karatoni. Hiyo ni nguvu ya kitambo kidogo tu. Tafuteni namba yenye herufi RMS: ndiyo nguvu ambayo bafle inaibeba bila kuchoka. Kama bafle inabeba wati 200 RMS, chukueni ampli inayotoa karibu wati 200 RMS.

Tena muangalie omu. Bafle mbili za omu 4, mukifunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2. Kama ampli haikutengenezwa kwa omu 2, itapata moto na inaweza kuungua.

Wengine wanasema ampli ndogo haiharibu bafle. Sivyo! Ikilazimishwa kupita nguvu yake, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na waya wa ndani ya bafle unaweza kupata moto kupita kiasi. Sauti ikianza kukwaruza, punguzeni mara moja.

Mwisho, fyuzi. Kwa wati 200, ampli inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20 katika bateri ya volti 12. Waya mwembamba unaweza kuwaka, na ndani ya motokari muna watu. Tumieni waya mnene, na fyuzi iwe karibu kabisa na bateri.

Pesa ya jasho isiishie katika moshi siku ya arusi.