Mnunuzi anakuja, anaangalia, anaenda



Mwanzo wa mwaka huu, kisha mkutano, mwenzetu mmoja wa hapa Goma alibaki amekaa wakati wengine walikuwa wanarudi nyumbani. Tulidhani anangoja kuuliza juu ya zamu yake ya likelemba. Kumbe nyumba yake ilikuwa imetimiza miezi kumi na minne ikitafuta mnunuzi. Mwenzetu huyu ni mjane. Alitaka kulipa deni la hospitali lililobaki toka ugonjwa wa marehemu bwana wake, kununua parseli ndogo zaidi, na kumalizia binti yake wa mwisho masomo.

«Wanakuja,» alituambia, «wanaangalia, wanasema tutarudi. Hakuna anayerudi. Nipunguze bei tena?»

Alikuwa amekwisha kuipunguza mara mbili, mpaka dola 18.000. Tulimwomba angoje kidogo. Jumamosi iliyofuata wawili wetu tulienda kwake, tukaiangalia nyumba kama watu wenye kutoa makuta yao.

Jambo la kwanza tulilipata hata mbele ya kufika. Mmoja wetu alikuwa amempigia simu komisionere, akamwuliza bei ya nyumba ile. Alijibiwa: dola 23.000. Mama alikuwa anapunguza, na yule alikuwa anaongeza yake juu. Tena makomisionere walikuwa watatu, kila mmoja na bei yake. Mtu akisikia bei tatu za nyumba moja, anafikiri kuna udanganyifu.

Jambo la pili lilikuwa ukutani. Nyumba ni ya matofali, ya vyumba vinne, juu ya mawe yetu haya ya volkano. Chumba cha nyuma kilinuka rangi mpya, kilhali vingine vyote vilikuwa na rangi ya zamani. Tukauliza. Mama aliinamisha kichwa. Volkano ya Nyiragongo ilipotoka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, moto haukufika kwake, lakini yale matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua ukuta. Alikuwa amefunika ufa kwa rangi.

Wamama, nani katika mji huu amesahau siku zile? Kila anayenunua nyumba Goma anatafuta nyufa kwanza. Akiona rangi mpya mahali pamoja tu, hakuulizi. Anashukuru, anaenda, na anawaambia wengine.

Jambo la tatu ndilo lilikuwa zito. Karatasi zote zilikuwa kwa jina la marehemu. Na kila mara wageni walipokuja kuangalia, shemeji yake aliyekaa avenyu ya pili alisimama karibu na mlango, akisema kwa sauti: «Nyumba hii ni ya kaka yangu.» Hakusema zaidi. Ilitosha.

Mama alikuwa anamchukia sana shemeji huyo, na tulimwelewa. Lakini tulipaswa kumwambia kweli. Katika inchi yetu Sheria ya Jamaa inaweka watoto mbele kama warithi, na nyuma yao mke aliyebaki, na wazazi na ndugu wa marehemu nao wana sehemu yao. Mjane ana haki ya kukaa katika nyumba alimoishi na bwana wake, hakuna wa kumfukuza. Lakini kuiuza peke yake, bila watoto na bila jamaa kukubali, ni kumwuzia mtu kesi. Wanunuzi waliogopa kesi hiyo kuliko ufa.

Basi mama alifanya nini? Alianza na lile gumu. Aliita baraza la jamaa, na mzee mmoja wa upande wa bwana wake akaliongoza. Majumapili mawili yalipita kwa maneno makali. La tatu, deni la hospitali liliwekwa mezani, karatasi kwa karatasi, na shemeji akaona kwa macho yake mama alikuwa amebeba nini peke yake. Waliandika sehemu ya kila mtu, watoto wakubwa wakatia sahihi, shemeji naye akatia. Kisha wakaenda ofisi ya ardhi kuanza kubadili jina. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na sertifika ndiyo inaonyesha nani ana haki juu yake. Karatasi ya kartie peke yake haitoshi.

Ufa alimwita fundi akautengeneza. Hakuuficha tena. Kila mgeni aliuonyeshwa yeye mwenyewe mama, na kuambiwa ulitoka lini. Makomisionere alibakiza mmoja, wakaandikiana bei na malipo yake. Photocopy ndizo alimpa, karatasi za kwanza zilibaki kwa mama. Na wakati wa kungoja, alipangisha vyumba viwili kwa garanti ya miezi mitatu, ili njaa isimlazimishe kukubali bei yoyote.

Juma lililopita alitujia na habari. Nyumba imenunuliwa, dola 17.000, na mama mmoja anayeuza vitenge sokoni Virunga. Makuta yalihesabiwa mbele ya mashahidi, noti moja moja, na zile zilizopasuka zilirudishwa papo hapo. Si bei aliyoiota. Ukitoa sehemu za jamaa na deni, parseli aliyopata ni ndogo na iko mbali na barabara. Alilia kidogo alipotuambia, kwa sababu watoto wake wote walizaliwa katika nyumba ile. Lakini binti anaendelea na masomo, na hospitali haimpigii simu tena.

Tuliuliza yule mama wa vitenge kwa nini alichagua nyumba ile. Alisema: «Ndiyo ya kwanza ambayo mwenyewe alinionyesha ubaya wake.»

Sasa tunawaomba jambo moja, ninyi ambao hamuuzi kitu. Jioni hii toeni karatasi za nyumba yenu. Zina jina la nani? Toka Sheria ya Jamaa ilipogeuzwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya bwana wake ili atie sahihi yake, na kuuza nyumba ya ndoa kunataka wote wawili wakubali. Ongeeni na bwana zenu wangali wazima, mkiwa mmeshiba na hamna ugomvi. Mwenzetu ilimchukua miezi mingi ya machozi kutengeneza kitu ambacho marehemu angetengeneza kwa asubuhi chache ofisini.

Mwenye karatasi asiyoielewa ailete mkutanoni, tutaisoma pamoja. Tuonane juma lijalo.